Kingamwili na Nyuzi za Kati katika Utambuzi wa Uvimbe

Kamba ya mkonge, zao linalofahamika vyema Kwashemshi na kwingineko wilayani Korogwe, hupata nguvu kwa kusokotwa pamoja kwa nyuzi nyingi, na ndivyo zilivyo nyuzi za kati, yaani nyuzi za protini zenye unene wa takriban nanomita 10, ambazo huiwezesha seli ya mnyama kuvutwa bila kupasuka. Protini hizo hutofautiana kwa tishu: keratini hupatikana katika seli za ngozi na za utando wa viungo, desmini katika misuli, vimentini katika tishu unganishi; na hata seli inapogeuka kuwa ya saratani, aghalabu hubaki na protini ya asili yake.

Kingamwili, ambayo ni protini ya kinga inayonasa kitu kimoja mahususi, ndiyo inayoifichua asili hiyo. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipobuni njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, maabara zimeweza kupata kingamwili inayoshika desmini na kuiacha keratini, kisha kimeng'enya kilichounganishwa nayo huacha rangi ya kahawia mahali iliponasa.

Faida yake huonekana wazi kwa mtoto mwenye uvimbe usoni. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala na ambayo huandamana na malaria iliyokithiri, huwa na seli ndogo za mviringo ambazo kwa rangi za kawaida za hadubini zinaweza kufanana mno na za saratani ya misuli. Desmini ikionekana, wazo la saratani ya misuli hupata nguvu. Isipoonekana, hutafutwa alama za seli za damu, na tofauti hiyo ni nzito, kwa kuwa limfoma ya Burkitt hutibiwa hasa kwa dawa, ilhali saratani ya misuli huhitaji pia upasuaji au mionzi.

Kingamwili moja, hata hivyo, haitoshi kamwe. Vimentini hujitokeza katika saratani za asili nyingi, kwa hiyo majibu yake pekee hayathibitishi lolote, na kila kipimo kinapaswa kuambatana na kipande cha tishu inayojulikana kuwa na protini husika na kingine kisicho nayo. Hatua inayopuuzwa zaidi hutangulia maabara: kinyama, yaani kipande kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe, kikichelewa kutiwa katika formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, huanza kuoza, na kikikaa humo muda mrefu mno protini hufungamana hata kingamwili ishindwe kuzifikia, ndiyo maana hospitali inayosafirisha kinyama kwenda mbali inapaswa kuandika saa kilipokatwa na saa kilipotiwa dawa.