Amplifaya Inayopiga "Dup!" Modogashe

Swali limetoka Modogashe, pale mpakani mwa Garissa na Isiolo ambapo barabara ya Isiolo na ile ya Garissa hukutana kabla ya kuelekea Wajir. Msomaji mmoja, fundi wa simu, amejiundia amplifaya ya hedifoni ili asikilize redio usiku bila kuwaamsha waliolala. Ametumia chipu mbili za LM386, moja kwa kila sikio, na betri ya sola ya volti 12. Sauti inatoka safi. Tatizo ni moja: kila akiwasha, hedifoni zinapiga "dup!" ya kumfanya azivue haraka. Amebadilisha chipu, amebadilisha swichi, amebadilisha hata waya, na dup iko palepale. Anauliza ni kifaa gani kimeharibika.

Hakuna kilichoharibika. Saketi yake inafanya kazi yake sawasawa, na hiyo kelele ni sehemu ya kazi hiyo.

Mafundi wengi huiigiza tu kwa mdomo. Hapa itaitwa kidundo, maana neno "kishindo" ni kubwa mno. Chipu yenyewe haihitaji maelezo mengi, kwani LM386 imezeeka madukani na michoro yake imejaa kila mahali. Mambo yako kwenye kopo dogo linalokaa kati ya chipu na jeki ya hedifoni, yaani kapasita ya kutolea sauti.

Inawekwa pale kwa sababu betri ni moja. Sauti ni mawimbi yanayopanda na kushuka, na chipu yenye betri moja ya volti 12 haiwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo hujiweka katikati, kwenye volti 6, ili ipate nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Volti 6 hizo zikifika kwenye hedifoni moja kwa moja zitasukuma koili yake upande mmoja na kuipasha moto hadi iungue. Kapasita huzizuia na kupitisha mtikisiko peke yake. Studio yenye umeme wa pande mbili, chanya na hasi, inaweza kuikwepa. Kwenye mji unaoishi kwa paneli na betri, kuikwepa si rahisi. Garissa ina mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Mwenye kibanda mbali na nyaya za gridi anabaki na betri yake ya volti 12.

Sasa utamu wenyewe. Fikiria tangi la maji kisimani ambalo ndani yake, katikati kabisa, umewambwa mpira mzito unaoligawa pande mbili, na pande zote mbili zimejaa maji. Upande wa kushoto kuna pampu. Upande wa kulia kuna bomba, na mdomoni mwa bomba hilo yuko mwanambuzi anakunywa. Jenereta ikiwashwa, pampu inasukuma, mpira unabenuka kuelekea kulia, na maji yaliyokuwa upande huo hayana pa kwenda ila bombani. Mwanambuzi anapigwa usoni na maji yote ambayo mpira umeyasukuma. Kisha mpira unafikia mwisho wa kuvutika, unasawazika na nguvu ya pampu, na maji yanatulia. Kuanzia hapo pampu ikitetema kidogo, mpira nao unatetema, na mdomoni mwa bomba yanafika mawimbi madogo tu ambayo mwanambuzi anaweza kuyanywa kwa raha. Mpira haukupitisha hata tone moja kutoka kushoto kwenda kulia. Ulichofanya ni kubenuka, na ule mbenuko wa kwanza ndio uliomwagia mnyama maji.

Kapasita ni tangi hilo. Pampu ni chipu inayoruka kutoka sifuri hadi volti 6, mawimbi madogo ni muziki, na mwanambuzi ni sikio la msomaji wa Modogashe. Kapasita ikiwa tupu haina budi kujaa, na njia pekee ya mkondo wa kuijaza inapita ndani ya koili ya hedifoni.

Hesabu yake inapendeza. Hedifoni nyingi zina ukinzani wa ohmu 32. Volti 6 juu ya ohmu 32 ni karibu miliampea 187, na nguvu yake inapita wati 1. Hedifoni za kawaida hutoa sauti kubwa ya kutosha kwa miliwati 1 tu. Kwa hiyo, kwa hesabu ya karatasini, kidundo kinaanza na nguvu iliyo mara elfu moja ya ile ya kusikilizia. Kinachoyaokoa masikio ni ufupi wake. Ukizidisha ohmu 32 kwa kapasita ya mikrofaradi 470 unapata milisekunde 15, na mara tano ya muda huo kila kitu kimetulia.

Fundi mwerevu atasema basi aweke kapasita ndogo ijae haraka zaidi. Aweke, lakini atalipa kwa besi. Kapasita ya mikrofaradi 470 na hedifoni ya ohmu 32 huanza kupunguza sauti chini ya hezi 11 hivi, ambako sikio halifiki, kwa sababu usikivu wa binadamu huanzia karibu hezi 20. Akiweka ya mikrofaradi 47, kikomo hicho kinapanda hadi hezi 106, na gitaa la besi linabaki na vidole bila nyuzi. Ukubwa unaoleta besi ndio huohuo unaorefusha kidundo.

Dawa ni kuipa kapasita njia nyingine ya kujaa. Rizista moja huungwa kutoka upande wa kapasita unaotazama jeki hadi kwenye waya hasi. Kwenye tangi letu ni bomba la pembeni linalomwaga maji kando, na mbele ya mwanambuzi kuna lango lililofungwa. Jenereta inawashwa, mpira unabenuka, maji yanatokea pembeni, na lango linafunguliwa mambo yakiwa yametulia. Lango hilo kwenye amplifaya ni rilei ya volti 12 yenye swichi mbili, moja kwa kila sikio.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kipimo cha rizista. Akiweka ya kilo-ohmu 10, muda wa kujaa unakuwa sekunde 4.7. Rilei ikiunganisha hedifoni baada ya sekunde 3, kapasita bado inadai zaidi ya volti 3, na sikio litazilipa. Akiweka ya kilo-ohmu 1, muda huo unashuka hadi karibu nusu sekunde, na baada ya sekunde 3 deni lililobaki ni kama milivolti 10. Rizista hiyo haili muziki wowote wa maana, kwa kuwa hedifoni ya ohmu 32 iko pembeni yake ikichukua karibu mkondo wote.

Kosa la pili ni mahali. Rizista ikiungwa upande wa jeki, ng'ambo ya rilei, ni sawa na kulitoboa bomba la pembeni baada ya lango. Lango likiwa limefungwa hakuna kinachopita, mpira haubenuki, na siku lango likifunguliwa mwanambuzi anapata maji yote kama kawaida, ila tu amecheleweshewa sekunde 3. Fundi aliyeunga hivyo atalaumu rilei, na rilei haina hatia.

Kuichelewesha rilei ni kazi ya chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo bado inauzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Rizista ya kilo-ohmu 270 na kapasita ya mikrofaradi 10 huipa takriban sekunde 3. Faida ya ziada ni kwamba umeme ukizimwa rilei huachia upesi, na kile kidundo kidogo cha kuzimia nacho hunyamaza.

Wanaotumia opampu badala ya LM386 wana njia ya mkato. Volti zao 6 hutengenezwa na rizista mbili za kilo-ohmu 10, na kapasita ya mikrofaradi 100 ikiwekwa katikati yake, volti hizo hupanda polepole kwa muda wa nusu sekunde badala ya kuruka. Mkondo wa kujaza kapasita ya kutolea unashuka hadi kama miliampea 6, na volti zinazofika hedifonini hazizidi 0.2. Mpira umebenuka, ila kwa mwendo wa chini sana kiasi cha sikio kutoutambua. Opampu nyingine hurukaruka kabla hazijapata volti za kutosha. Hizo zitahitaji rilei vilevile.

Mawili matatu ya haraka. Betri ya sola ikichajiwa mchana hufika volti 14.4, kwa hiyo nusu yake ni 7.2 na kidundo cha saa sita mchana ni kikubwa kidogo kuliko cha usiku. LM386 yenye alama N-1 imekusudiwa hadi volti 12, na yenye alama N-4 hadi 18, basi mwenye betri ya sola anunue ya pili. Mguu chanya wa kapasita uelekee kwenye chipu. Majaribio yafanywe kwa rizista ya ohmu 33 mahali pa hedifoni, mita ikiwa imewekwa juu yake, au kwa hedifoni za bei rahisi zilizo mezani.

Kwa msomaji wa Modogashe, rizista mbili za kilo-ohmu 1 ziungwe kwanza, leo ikiwezekana. Peke yake hazitaondoa kidundo ikiwa hedifoni zimechomekwa tayari, kwa sababu ohmu 32 bado ni njia rahisi kuliko 1,000. Basi mpaka apate rilei, awashe amplifaya kwanza, asubiri sekunde 3, ndipo achomeke jeki. Na chipu alizozitoa asizitupe. Ni nzima.