Watatu kwenye kamba moja

Patrouille des Glaciers ni mashindano yanayoandaliwa na jeshi la Uswisi, na raia nao hushiriki. Mtu hawezi kujiandikisha peke yake: timu ni watu watatu. Wanaondoka Zermatt usiku wa Aprili, wa kwanza mnamo saa nne, na wanatakiwa kufika Verbier kwa kuvuka milima ya Alps juu ya skii. Ni zaidi ya kilomita 50, na ukijumlisha miinuko yote unapata zaidi ya mita 4,000 za kupanda. Sehemu kubwa ya mwanzo ni juu ya barafuto, ile barafu nene inayoteremka polepole kutoka vileleni, yenye nyufa zilizofichwa na theluji. Wapanda milima wa kawaida hutumia siku kadhaa katika njia hii. Mabingwa wameimaliza chini ya saa sita.

Yalianza mwaka 1943, wakati wa vita, kama mtihani wa askari wa milimani. Mwaka 1949 timu moja nzima ilitumbukia katika ufa kwenye barafuto ya Mont Miné na wote watatu wakafa. Serikali ikayapiga marufuku, na hayakurudi hadi 1984. Nataja historia hiyo kwa sababu watu wengi wakisikia habari za timu ya watatu hudhani ni suala la kutiana moyo. Kutiana moyo kupo, lakini kwa anayesomea mwili wa mwanamichezo, faida kubwa ya mwenzako ni kwamba anaona kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukiona.

Tuanze na joto. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tatu au zaidi ya nishati inayochomwa hutoka kama joto. Ndiyo maana mwanariadha anayepanda mlima kwa nguvu, hata nyuzi zikiwa 15 chini ya sifuri, hulowa jasho, na nguo zake ni nyepesi kuliko utakavyodhani. Hatari haiko hapo anapopanda. Iko pale anaposimama. Chini ya skii wakati wa kupanda hubandikwa vitambaa virefu vyenye manyoya yanayolalia upande mmoja, ili skii isirudi nyuma. Kileleni lazima vibanduliwe, vikunjwe na kuingizwa ndani ya koti, kisha viatu vikazwe kwa ajili ya kuteremka. Wenye mazoezi hufanya yote hayo kwa muda usiofika dakika moja. Wengine huchukua dakika tano, kumi, mara nyingi wamevua glavu, huku jasho likipoa mgongoni na upepo ukivuma. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hufanya zile nyuzi 15 chini ya sifuri zihisiwe na ngozi kama 27 chini ya sifuri. Baada ya hapo inafuata mteremko, ambako misuli haitoi joto la kutosha na mwendo wenyewe unaongeza upepo.

Sehemu ya juu kabisa ya njia, karibu na Tête Blanche, iko kwenye mita 3,650 hivi. Hapo kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Timu huvuka eneo hilo zimefungana kwa kamba kwa sababu ya nyufa, na huteremka usiku zikiwa bado zimefungana. Kuteleza watu watatu kwenye kamba moja gizani ni kazi inayohitaji kufanyiwa mazoezi. Anayekwenda kasi kuliko wenzake anawaangusha, anayesita anavutwa.

Sasa ubongo. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, tunaiita haipothemia. Kutetemeka ndiyo dalili inayojulikana, lakini mtu anayeendelea kutembea anaweza asitetemeke kwa namna ya kuonekana. Kinachotangulia ni tabia. Mcheshi ananyamaza. Mpole anakuwa mkali. Maneno yanaburuzika, miguu inajikwaa, zipu ambayo ameifunga maelfu ya mara inamshinda. Na hapa ndipo ugumu ulipo: baridi hupunguza uwezo wa kupima mambo, kwa hiyo mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Anaamini amechoka tu. Ukimuuliza, atakujibu yuko sawa, wala hadanganyi.

Sisi Waswahili tungepata tabu zaidi hapo. Mtu ametoka hospitali, mguu uko kwenye plasta, ukimwamkia “Habari?” anasema “Nzuri,” ndipo baadaye aongeze “ila...”. Mlimani hiyo “ila” inaweza isifike. Kwa hiyo usiulize hali, mpe kazi. Mwambie agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Kipimo hiki ni rahisi, na asipoweza, jibu umelipata. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kupunguza saba saba. (Wapo wasioweza hesabu hiyo hata wakiwa sebuleni, wajaribu wenzako kabla ya safari.) Waongozaji wa Kilimanjaro, ambao nao huanza safari ya kileleni usiku wa manane, wanalijua jambo hili: husikiliza jinsi mgeni anavyojibu kuliko kile anachojibu.

Mimi ningechagua timu kwa kigezo ambacho makocha wengi hawakipendi. Ningeacha nje mwenye mapafu makubwa kuliko wote iwapo hawezi kusema “nimepoa” mbele ya wenzake. Tofauti ya nguvu ina dawa: watatu hao hutumia kamba ya mpira, mwenye nguvu akamvuta kidogo aliye nyuma, na mzigo ukahamishwa begani kwa mwingine. Anayeficha hali yake hana dawa. Timu itakwenda kwa kasi yake hata hivyo, ila itajua kwa kuchelewa.

Hata macho ya wenzako yana mpaka. Machi 2024, wiki chache kabla ya mashindano ya mwaka huo, watu sita waliotoka Zermatt kuelekea Arolla walinaswa na dhoruba karibu na Tête Blanche. Watano walikutwa wamekufa. Dhoruba inapowapoza wote kwa pamoja, hakuna anayebaki na akili timamu ya kumtazama mwingine, na uamuzi pekee unaofaa ni ule unaofanywa mapema, wakati wote bado wana joto: kugeuka.

Mwenzako akishindwa kile kipimo cha vidole, mashindano yenu yamesimama. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa na kumvisha kavu, mwekeeni mkoba au kamba chini asikalie theluji. Akiweza kumeza, apewe kitu cha sukari, maana kutetemeka nako kunachoma akiba ya wanga na akiba ikiisha mwili hauwezi tena kujipasha moto. Pombe isitajwe. Msimsugue mikono wala miguu, na kidole kilichoganda msikisugue kwa theluji kama wazee wa zamani walivyofundisha, kinachanika ndani. Akiacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa, alazwe, asitembezwe, na ahamishwe taratibu, kwa sababu moyo uliopoa unaweza kuvurugika kwa mtikisiko mdogo. Mmoja abaki naye, mwingine apige simu ya uokoaji.