Fahamu: 'Definitivo', neno linalofunga usajili na kesi Italia
Klabu ya Serie A ikitangaza kumchukua mchezaji 'a titolo definitivo', ujue imemnunua moja kwa moja, si kwa mkopo. Kivumishi hicho husema jambo limekwisha na halirudi mezani. Hupatana na nomino yake: definitivo na definitiva katika umoja, definitivi na definitive katika wingi.

Uzito wake hasa uko mahakamani. Ibara ya 27 ya Katiba ya Italia, iliyoanza kutumika 1948, haimhesabu mshtakiwa kuwa na hatia mpaka hukumu iwe 'definitiva', yaani njia za kawaida za rufaa zimefungwa. Silvio Berlusconi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa kodi Oktoba 2012, na bado akachaguliwa seneta mapema 2013. Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya rufaa, Cassazione, ikathibitisha hukumu. Novemba akavuliwa useneta. Kwa hiyo ukisoma tu kwamba mwanasiasa wa Italia 'amehukumiwa', uliza kwanza: ngazi ipi?

Lakini 'in definitiva' haina uhusiano na majaji. Ni 'mwisho wa yote', na wapenda mijadala huitumia mno.