Kanisa Moja, Madhehebu Mawili: Bado Sisi ni Wakatoliki

Picha za Komunyo ya Kwanza ya binti yetu zimetuletea kesi. Nilizituma kwenye kundi la ukoo, nikaandika chini yake kwamba kanisa hili tunalitumia kwa zamu na Waprotestanti. Kufika jioni, nyumbani kwetu Magu, Tanzania, watu wote walikuwa na habari kwamba tumehama dini. Shangazi alipiga simu kuuliza kama padri wetu anajua, na kabla sijajibu alikwisha kuanza kutuombea. Nimeumia. Naandika haya ili wanaotusema wasome kwanza.

Kanisa lenyewe liko Altenberg, katika bonde la mto Dhünn, karibu na Köln hapa Ujerumani. Mwaka 1133 wamonaki wa shirika la Citeaux walifika kutoka abasia ya Morimond, Ufaransa, wakapewa ardhi na watawala wa Berg. Kanisa lao la kwanza lilitikiswa na tetemeko mwaka 1222. Jiwe la msingi la hili tunamosali liliwekwa mwaka 1259, miaka 11 tu baada ya kuanza kwa kanisa kuu la Köln, na likatabarukiwa mwaka 1379. Waliochimba msingi hawakuiona siku hiyo, wala watoto wao.

Ni jengo la mtindo wa Gothiki: matao yenye ncha, nguzo ndefu nyembamba, na kuta zilizoachia nafasi madirisha ili mwanga uingie. Lakini wamonaki hao walikuwa na kanuni kali ya kiasi. Hawakuruhusu minara mikubwa, ndiyo maana juu ya paa kuna kimnara kidogo tu cha kengele. Hata vioo vingi vya zamani ni vya rangi ya kijivujivu vyenye michoro ya majani, bila sura za watu. Dirisha kubwa la magharibi, la karibu mwaka 1400, ndilo lenye rangi na watakatifu, nalo linaonyesha Yerusalemu ya mbinguni.

Sasa nije kwenye jambo lililowashtua. Mwaka 1803 serikali ilifunga monasteri nyingi nchini humu na kutwaa mali zake. Wamonaki wa Altenberg wakatawanyika, majengo yakauzwa, yakageuzwa kiwanda cha rangi. Moto wa mwaka 1815 ukateketeza paa la kanisa, na miaka iliyofuata sehemu zake zikaporomoka. Aliyeliokoa ni mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, naye alikuwa Mprotestanti. Alitoa fedha za ukarabati kwa sharti kwamba Waprotestanti nao walitumie. Lilifunguliwa tena mwaka 1847, na tangu mwaka 1857 madhehebu yote mawili yanasali humo, kila moja kwa saa zake. Mwenye jengo si askofu wala mchungaji, ni serikali ya jimbo la North Rhine-Westphalia.

Kwa hiyo hakuna aliyehama. Wakatoliki wana misa yao na padri wao, Waprotestanti wana ibada yao na mchungaji wao. Tukitoka sisi, wanaingia wao, tunasalimiana mlangoni.

Na kama kuna nchi ambayo mtu hawezi kuhama dini kimyakimya, ni hii. Hapa dini yako imeandikwa serikalini. Mwajiri anapokata kodi ya mapato, anakata pia kodi ya kanisa, ambayo katika jimbo letu ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato. Serikali inaikusanya na kuipeleka kwenye kanisa lako. Katika jimbo letu, anayetaka kutoka katika kanisa huenda mahakamani na kitambulisho, anatia saini, analipa ada, ndipo makato yanakoma. Hati yangu ya mshahara inasema mimi ni Mkatoliki, kila mwezi, kwa fedha. Anayetaka ushahidi nitamtumia.

Nasema bila kuficha: katika hili la kutumia kanisa moja, wenzetu hawa wa Ujerumani wametuzidi. Kwetu tunazikana, tunalishana, tunachangiana harusi bila kuulizana dhehebu. Ukifika wakati wa kujenga, Waprotestanti wa AIC (Africa Inland Church) wanachimba msingi wao, sisi wetu, na kuta zote mbili zinasubiri mabati miaka na miaka. Kuazimana paa ni jambo ambalo hatuwezi hata kulitaja.

Wanangu hawaelewi kabisa kesi hii inahusu nini. Binti ana rafiki wa Kiprotestanti ambaye siku ya Komunyo alikuja kukaa safu ya mbele na wazazi wake, akamletea mshumaa alioupamba mwenyewe. Mdogo wake wa kiume haendi Altenberg kwa sababu ya historia. Anakwenda kutafuta majani kwenye nguzo, maana wachongaji walichonga majani juu ya nguzo nyingi, naye anataka kuyajua yote. Kila tarehe 1 Mei vijana huondoka hapo na Mwanga wa Altenberg, moto wa kuombea amani unaosambazwa kutoka humo tangu mwaka 1950. Binti ameshaniambia atakuwa miongoni mwao akikua. Juzi ameniuliza kwa nini bibi shangazi alikuwa analia kwenye simu siku yake ya furaha. Swali hilo limeniuma kuliko maneno yote ya kundini.

Shangazi, nakuomba umpigie mtoto umpe pongezi yake. Amepokea Ekaristi katika misa ya Kikatoliki, kutoka mikononi mwa padri, ndani ya kanisa lililoanza kujengwa na wamonaki wa Kikatoliki zaidi ya miaka 600 kabla ya misheni ya Bukumbi, huko kwetu, kuanzishwa mwaka 1883. Na ninyi ndugu wengine, mkiona picha msiyoielewa, ulizeni kabla ya kuhukumu.