Hewa Ukaa, Kodi na Mpunga wa Usevya

Serikali ina njia mbili za kumfanya mfanyabiashara apunguze uharibifu wa mazingira: kumkataza, kama Tanzania ilivyopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, au kumvutia, yaani kuipa shughuli safi unafuu wa kodi, mkopo nafuu au soko, hata imlipe kuliko ile chafu. Njia hii ya pili haizungumzwi sana vijijini, ingawa mojawapo ya mifano yake iliyo wazi zaidi nchini imo mkoani Katavi.

Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vya eneo la milima ya Ntakata, vikiwamo Mwese, Katuma na Lugonesi, viliafikiana na kampuni ya Carbon Tanzania kuilinda misitu yao isifyekwe kwa ajili ya mashamba. Hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto la dunia, ambayo ingetoka iwapo miti ingekatwa na kuchomwa, hukadiriwa kwa tani, ikathibitishwa, kisha haki ya kiasi hicho ikauzwa kwa kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao wenyewe. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na mwaka 2022 Serikali ikaitungia biashara hiyo kanuni zinazoeleza namna miradi inavyosajiliwa na mapato yanavyogawanywa.

Usevya, iliyo katika mkoa huohuo, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, inategemea zaidi mpunga. Kwa mwenye mashine ya kukoboa inayotumia dizeli, kivutio cha karibu ni Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2014, iliyovisamehe baadhi ya vifaa vya umeme wa jua kodi hiyo ya asilimia 18. Msamaha huo ni mwema, lakini humfaa aliye na fedha za kununulia paneli tayari, na wengi hawanazo.

Pengo hilo laweza kuzibwa kwa sehemu na asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri, ikiwamo ya Mpimbwe yenye Usevya, hutakiwa kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Usevya kinachotaka kugeuza pumba za mpunga kuwa mkaa mbadala kina kila sababu ya kuomba mkopo huo, na wa kuanza naye ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.