Magari ya fahari yalifunzwa kazi na tope letu

Mnamo Novemba mwaka wa 2022, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilizindua mjini Los Angeles, Marekani, gari iliyolipa jina la 911 Dakar. Lilikuwa ni lile lile gari lake la kasi, fupi na lililoinamia lami, ila mara hii lilikuwa limeinuliwa sentimita tano zaidi ya ndugu zake, likavalishwa matairi ya kukanyagia mawe na kukingwa tumbo kwa mabamba ya chuma. Yangeundwa 2,500 tu. Muda si muda, Lamborghini ya Italia nayo ikatoa gari la namna hiyo hiyo.

Wakubwa hao hawakubuni jambo. Walikuwa wakifuata mkondo uliochimbwa na karakana ndogo ndogo za Ulaya na Marekani ambazo, kwa miaka kadha, zimekuwa zikichukua magari ya mbio ya miaka ya sabini na themanini, zikiyapandisha juu na kuyauza kwa watu waliojaaliwa fedha. Na je, katika lugha ya mafundi hao, gari lililofanyiwa kazi hiyo huitwaje? Huitwa "safari". Ndilo neno lenyewe, msomaji, wala halikutafsiriwa. Yamkini wengi wao hawajui kwamba kwetu sisi hata mama anayepanda matatu kwenda Thika kumzuru dadake yumo safarini.

Sina nia ya kulalamika kwamba tumeibiwa neno. Maneno hayana hatimiliki, na Kiswahili chenyewe kimeokota mengi njiani. Dai langu ni zito kuliko hilo. Ninasema kwamba sehemu kubwa ya ufundi unaobebwa na neno hilo ilipatikana kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanzania, mikononi mwa mafundi wa hapa wakishirikiana na wageni, na kwamba tunauachia ufundi huo uzeeke na kuzikwa bila ya mtu kuuandika.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, yakiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua za masika zinapoifanya barabara ya udongo kuwa uji. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakarejea saba. Mwaka wa 1968 yaliondoka 93, yakarejea saba vile vile. Mwalimu ambaye watahiniwa wake 93 watafaulu saba ataitwa ofisini kujieleza. Ila Safari haikuitwa na mtu. Watengenezaji wa magari kutoka pande zote za dunia ndio waliozidi kuja, kwa kuwa mtihani ulioshinda wengi ndio wenye cheti cha thamani.

Miongoni mwa walioupita mtihani huo mapema ni gari dogo la Volkswagen, lile ambalo watu walilifananisha na mdudu. Mwaka wa 1954 Vic Preston alishinda nalo. Siri yake haikuwa kasi. Injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayolisukuma, hivi kwamba uzito wake uliyakandamiza matairi yapate kuuma tope badala ya kuteleza. Fauka ya hayo, injini hiyo ilipozwa kwa hewa. Haikuwa na radieta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani. Porsche 911 ni mjukuu wa gari hilo kwa damu na kwa umbo. Mhandisi aliyelisanifu la kwanza, Ferdinand Porsche, ndiye babu yake yule aliyelichora la pili. Kwa hivyo anayeshangaa kuliona gari la matajiri likipasua matope asahau bei yake kwanza, kisha atazame injini imewekwa wapi.

Hata hivyo si Porsche iliyotangulia kuthibitisha kwamba gari la mbio laweza kuishinda Safari. Heshima hiyo imwendee Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye pua ndefu, lililoundwa likiwa na macho kwa wanunuzi wa Marekani. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo, na Shekhar Mehta akamfuata kwa gari kama hilo. Mwaka wa 1973 Mehta mwenyewe akatwaa ushindi. Gari la Herrmann limehifadhiwa na Nissan huko Japani, na mwaka wa 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo walilifufua likanguruma tena. Wajapani wanajua walichopata huku.

Porsche yenyewe ilikuwa na bahati ya fundi mzuri asiyepata sherehe. Sobiesław Zasada alimaliza wa pili mwaka wa 1972. Björn Waldegård akawa wa pili mwaka wa 1974, akishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeendesha Mitsubishi Colt Lancer, gari ambalo lilikuwa la kupeleka watoto shuleni. Mwaka wa 1978 kampuni ilikuja kwa kishindo na magari mawili ya 911 SC yaliyopandishwa hadi tumbo likawa kama sentimita 28 juu ya ardhi. Vic Preston Mdogo, mwanawe yule wa 1954, akawa wa pili, naye Waldegård wa nne. Aliyeshinda alikuwa Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504. Kwa hivyo jina "safari" linalopamba magari hayo leo ni jina la mashindano ambayo 911 haikuwahi kuyashinda yalipokuwa ya ubingwa wa dunia. Ilibidi ingoje mashindano ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka wa 2003, ambamo Waldegård alishinda mwaka wa 2011 na Stig Blomqvist mwaka wa 2015, wote kwa 911.

Sasa tuingie karakanani, maana hapa ndipo penye somo.

Kupandisha gari si kuliwekea viatu virefu. Kila unachokigusa hudai kingine kiguswe. Hebu mwalimu wa fizikia na achukue chaki. Tuseme upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita 1.4, na kitovu cha uzito wa gari kiko nusu mita juu ya ardhi. Gawanya nusu ya upana huo kwa kimo hicho: 0.7 kwa 0.5, utapata 1.4. Lipandishe gari sentimita kumi. Sasa ni 0.7 kwa 0.6, nayo ni karibu 1.17. Bila ya kuongeza hata kilo moja, umeliondolea gari sehemu moja kati ya sita ya uwezo wake wa kukataa kupinduka kwenye kona. Fundi mwenye akili huyatanua magurudumu kidogo ili kurudisha alichopoteza. Asiye na akili hupaka rangi.

Kisha kuna vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi magurudumuni. Hivyo viliundwa vifanye kazi vikiwa karibu kulala. Gari likipanda, navyo huinama, na viungio vyake huanza kusagika kwa kila mzunguko. Mikono ya usukani nayo huinama vivyo hivyo, na kila gurudumu linaporuka shimo, gari hujigeuza lenyewe kushoto au kulia bila ya dereva kuomba. Dawa yake ni kuhamisha mahali ambapo mikono hiyo imefungwa, kazi ya milimita chache ambayo isipofanywa dereva atapigana na gari lake kutoka asubuhi hadi magharibi.

Kuna shokomzoba. Aliyepita kwenye barabara ya udongo iliyojikunja mikunjo kama ya mabati anajua jinsi meno yanavyogongana. Kila kunjo husukuma mafuta ndani ya chombo hicho kupitia vitundu vidogo, na nguvu inayozimwa haipotei bali hugeuka kuwa joto. Mafuta yakichemka hutoa povu, na povu halizuii chochote. Hapo gari huanza kurukaruka kama mbuzi. Ndiyo maana magari ya kazi hii huwekewa shokomzoba nene, pengine mbili kwa gurudumu moja, au zenye chupa ya akiba ya mafuta pembeni.

Matairi ni hadithi fupi. Yawe na mbavu ndefu, kwa sababu mpira wenyewe ni springi. Ila tairi likizidi ukubwa kwa asilimia kumi, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe unakwenda 88, na polisi hatasikiliza hesabu zako.

Bodi ndiyo inayonihuzunisha zaidi nikiona kazi mbovu. Gari la mbio hufanywa jepesi, na bodi yake ni vipande vya bati vilivyoshikizwa kwa nukta nukta za kuchomelea, kama nguo iliyopigwa bandi. Barabara mbaya huisokota. Kioo cha mbele hupasuka, milango hukataa kufunga, na mwishowe mahali springi ilipoegemea hung'oka. Fundi wa Safari alilivua gari likabaki mifupa, akarudia mishono yote kwa moto, akaongeza mabamba pale palipo na dhiki, kisha ndipo akaanza kufikiria kupandisha. Leo utaona mijini vijana wakitia vipande vya chuma juu ya springi za gari kuukuu, wakafunga taa nne kwenye bampa, wakatoka barabarani. Wameiga sura wakaacha mifupa.

Wapo wanaosikitika kwamba kulikata gari la kale ni kuchafua urithi. Nawaelewa nusu. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani liachwe lilivyo, kwa maana mashahidi wa aina hiyo wanazidi kupungua. Lakini kuna magari chungu nzima yaliyokwisha kugongwa, kuliwa na kutu, au kubadilishwa injini mara tatu. Kulichukua moja la hayo na kulipa kazi ngumu ni kulifanyia hisani. Na yeyote anayelilia 911 iliyopandishwa akumbuke kwamba kiwanda chenyewe kiliipandisha kabla yake.

Kilio changu kiko kwingine. Karakana ya Tuthill iliyoko Oxfordshire, Uingereza, huandaa magari ya 911 yanayokuja kushindana kwenye barabara zetu, na ina kumbukumbu ya kila nati iliyokatika. Sisi tunao wazee walioandaa magari usiku kucha kando ya barabara, wakibadilisha giaboksi kwa mwanga wa tochi huku mvua ikiwanyeshea. Wanajua ni udongo upi hukwamisha, ni chuma kipi huvunjika kwanza, na ni kelele ipi huitangulia ajali. Wengi wao hawakuwahi kupigwa picha, sembuse kuandikwa. Mashindano ya ubingwa wa dunia yaliporejea Kenya mwaka wa 2021, huko Naivasha, tulishangilia madereva. Sikuona mtu akiwauliza wazee hao swali.

Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vikiwatuma wanafunzi wawili wawili, mmoja mwenye daftari na mwingine mwenye kuchora, wakawatafute mafundi hao Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret. Wayaandike majina ya vyuma kama fundi anavyoyataja, wala wasiyasahihishe. Mwalimu wa Kiswahili apewe nakala, kwa kuwa humo atapata msamiati ambao kamusi zake hazina. Ila wanafunzi waonywe mapema: mzee wa aina hiyo hapelekewi barua. Huendewa asubuhi, kabla kazi haijamzonga, na aghalabu jibu lake la kwanza huwa ni kumpa mgeni spana amshikie.