Kachumbari ya Matunda: Chakula Kisichopita Motoni

Mama wa nyumba, na wewe baba unayelima shamba, masomo haya ni yenu.

Huku Karuba chakula chetu cha kila siku twakijua vizuri: maharagi, viazi, ugali, sombe na lengalenga. Ni chakula chema, nacho hushibisha. Lakini karibu chote hupikwa motoni muda mrefu. Moto ni rafiki, maana huua vijidudu vya ugonjwa. Walakini moto huo huo huharibu nguvu fulani iliyomo katika matunda na mboga, yaani vitamini C. Kwa hiyo mwili wahitaji pia chakula kibichi kidogo, kando ya kile kilichopikwa.

Chakula kimoja kibichi kilicho chema sana ni kachumbari ya matunda. Watu wa pwani, huko Mombasa na Zanzibar, hukata nyanya na vitunguu, wakatia ndimu, chumvi na pilipili, wakala pamoja na pilau. Neno kachumbari lenyewe lilifika pwani kutoka Bara Hindi. Na mbali sana, katika nchi ya Meksiko, watu hufanya mchuzi mbichi wa namna hiyo, wakauita salsa. Mara nyingine hutia matunda matamu ndani yake. Tena jua jambo hili: nyanya, pilipili, parachichi, papai, nanasi na marakuja, yote asili yake ni bara la Amerika. Leo yamekuwa mali yetu, nayo huuzwa sokoni kwetu.

Kachumbari hii yafaa nini?

Mwaka 1747 daktari mmoja wa merikebu za Uingereza, jina lake James Lind, alikuwa na mabaharia wagonjwa. Fizi zao zilitoka damu na miguu yao haikuwa na nguvu, maana siku nyingi hawakula kitu kibichi. Akachagua wagonjwa 12, akawagawanya wawili wawili, kila wawili wakapewa dawa yao. Wale wawili waliopewa machungwa na ndimu walipata nafuu kabla ya wengine wote, muda wa siku sita tu. Hakuna aliyejua bado jina la vitamini C, lakini kazi yake ilionekana wazi.

Nasi tuna faida nyingine kubwa. Maharagi na lengalenga yana madini ya chuma ndani yake, na mwili hutumia chuma kufanya damu. Lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini; sehemu kubwa hupita bure. Ukila papai, nanasi au ndimu pamoja na maharagi, katika mlo ule ule, chuma kingi zaidi huingia. Mama mwenye mimba na mtoto mwenye damu kidogo wanahitaji sana msaada huu. Tena papai na nyanya zina rangi inayogeuka kuwa vitamini A, inayolinda macho, nayo rangi hiyo huingia mwilini vizuri ikiwa pana mafuta. Parachichi lina mafuta yake lenyewe. Basi ona jinsi vyakula hivi vinavyosaidiana katika sahani moja.

Hatari iko wapi?

Sasa sikia vizuri, maana hapa ndipo penye uzima na mauti. Chakula kilichopikwa kikiwa na uchafu kidogo, moto husaidia kukitakasa. Kachumbari haipiti motoni kamwe. Uchafu wowote ulio mkononi, majini, kisuni au juu ya ganda la tunda utafika tumboni ukiwa mzima. Katika chakula kibichi, usafi wako ndio moto wake.

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walifika Goma kwa siku chache. Maji safi hayakutosha, vyoo havikuwapo, watu wakateka maji ziwani. Kipindupindu kikaingia, na maelfu kwa maelfu wakafa. Hata leo ugonjwa huo haujaondoka katika Kivu. Huzuka kila mara watu wanapokimbia vita na kusongamana mahali pasipo maji na vyoo. Mara nyingi hupitia njia hii: kinyesi cha mgonjwa kufika katika kinywa cha mtu mwingine, kwa maji, kwa mikono, kwa inzi au kwa chakula kibichi.

Wako na wadudu wengine. Mayai ya minyoo hukaa udongoni muda mrefu sana, hata miaka, nayo hayaonekani kwa macho. Na mtu mwenye tegu wa nguruwe akienda haja shambani, mayai ya tegu hushika mboga na matunda yaliyoanguka chini. Mtu akiyameza, wadudu waweza kufika hata katika ubongo na kumletea kifafa. Wengi hudhani kifafa cha namna hii ni uchawi. Sivyo. Chanzo chake ni kinyesi.

Je, ndimu na pilipili haziui vijidudu?

Wengi husema hivyo, na kwa sababu hiyo hawaoshi. Ni kweli kwamba ukali wa ndimu hudhoofisha vijidudu vingine, na hata kile cha kipindupindu hakipendi ukali. Lakini hauviui vyote, na mayai ya minyoo hayaujali. Pilipili nayo huwasha ulimi wako. Usitegemee kwamba itaua ugonjwa. Tia ndimu na pilipili kwa ladha, wala usizifanye badala ya maji safi na sabuni.

Tayarisha maji kwanza

Chemsha maji katika sufuria yenye kifuniko. Kumbuka kwamba katika milima mirefu maji hutokota upesi kabla hayajawa ya moto sana. Huko pwani hutokota kwa digrii 100, lakini mahali palipo juu mita 2,000 hutokota kwa digrii 93 hivi. Kwa hiyo sisi wa milimani tusiyaondoe mara yanapoanza kutokota. Yaache yatokote kwa nguvu dakika tatu, kisha yafunike, yapoe yenyewe. Usiyamimine katika bidoni chafu, maana utakuwa umepoteza kuni bure.

Vitu unavyohitaji kwa watu sita

- papai 1 dogo, lililoiva lakini bado gumu kidogo
- nanasi nusu
- marakuja 4
- nyanya 3. Au nyanya za mti, ambazo wengine huziita kinyomoro
- parachichi 1
- kitunguu 1
- ndimu 2
- pilipili kidogo, kama mnavyopenda
- chumvi, nusu ya kijiko cha chai

Marakuja, nyanya za mti na parachichi humea vizuri huku kwetu. Nanasi na papai hupenda joto, nayo hupanda sokoni kutoka sehemu za chini. Ukikosa papai au nanasi, usiache. Ongeza marakuja na nyanya za mti. Ukikosa ndimu, maji ya marakuja yatatosha kwa ukali. Usinunue tunda lililokwisha kukatwa sokoni, maana hujui kisu gani kilipita humo, wala inzi wangapi. Lile lililopasuka au kuoza upande mmoja, liache.

Chumvi iwe ile yenye iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watu wengi zamani waliugua rovu, yaani uvimbe wa shingo, kwa sababu udongo wao hauna iodini ya kutosha. Nasi watu wa milima tusiidharau chumvi hiyo. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Namna ya kufanya

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa. Sugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Mwenye kuharisha asishike kazi hii hata kidogo.

2. Osha kisu, ubao na bakuli kwa sabuni, kisha vimwagie maji yaliyochemka. Kisu kilichokata nyama mbichi kisiguse matunda kabla ya kuoshwa hivyo.

3. Osha matunda yote kwa maji yale uliyochemsha, hata yale utakayoyamenya. Wengine huuliza, “Kwa nini nioshe ganda la nanasi, nami nitalitupa?” Jibu ni hili: kisu kikipita juu ya ganda chafu hubeba uchafu ule mpaka ndani ya nyama ya tunda. Sugua kwa vidole. Usitumie sabuni juu ya matunda, maana sabuni yaweza kuingia ndani.

4. Menya papai, nanasi na kitunguu. Nyanya za mti zimenywe pia, maana ganda lake ni chungu. Kata vyote vipande vidogo, kama punje kubwa za maharagi, ili kila kijiko kipate utamu na ukali pamoja.

5. Tia chumvi kidogo juu ya kitunguu, kifikiche, ukioshe kwa maji yaliyochemka na kupoa. Hivyo ukali wake utapungua.

6. Changanya papai, nanasi, nyanya na kitunguu. Pasua marakuja, utie maji yake na mbegu zake. Kamua ndimu. Tia chumvi iliyobaki na pilipili.

7. Kata parachichi mwisho kabisa, kisha koroga polepole lisivunjike. Maji ya ndimu yatalizuia lisigeuke jeusi upesi.

8. Funika kwa sahani safi au kitambaa safi, inzi wasitue. Nawa mikono tena, maana mkono wenye pilipili ukigusa jicho la mtoto atalia sana.

Ukipenda, tia majani machache ya seleri. Lakini jani lenye mikunjo ni gumu kuosha kuliko tunda lenye ganda. Siku mnaposikia kipindupindu kimeingia wilayani, acheni majani mabichi kabisa, mle tu matunda yaliyooshwa na kumenywa nyumbani.

Ilieni wakati gani?

Ile siku ile ile, mara baada ya kuikata. Isipite saa mbili. Usidhani baridi ya milima yetu hutosha kuihifadhi. Ikibaki, isiliwe kesho yake. Afadhali kufanya kidogo kikaisha.

Iweke kando ya maharagi, viazi au samaki. Kila mtu apewe kijiko chake. Mikono mingi isiingie bakuli moja. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe, maana maziwa ya mama yamtosha kabisa. Kuanzia miezi sita waweza kumponda papai au parachichi lililooshwa na kumenywa vizuri, bila pilipili, bila kitunguu, bila chumvi.

Kama mtu ameharisha

Usingoje. Chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya kurundika. Koroga, umnyweshe kidogo kidogo mara nyingi. Mtoto anyaayo aendelee kunyonya. Akiharisha maji meupe kama maji ya mchele, au macho yakididimia, au asipokojoa, mpelekeni kwenye kituo cha afya saa ile ile, naye aendelee kunywa njiani. Kipindupindu chaweza kumwua mtu kwa saa chache, lakini mwenye kurudishiwa maji mapema karibu kila mara hupona.

Jiulize kabla ya kuwaita watoto mezani

Je, mikono yangu imenawa kwa sabuni?
Je, maji niliyooshea yalitokota dakika tatu?
Je, niliosha tunda kabla ya kulikata?
Je, kisu na ubao ni safi?
Je, bakuli imefunikwa?

Ukiweza kujibu “Ndiyo” mara tano, waite watoto, wale kwa furaha. Ukijibu “Hapana” hata mara moja, rudi ulitengeneze neno hilo kwanza.